Boma, Gofu na Matongo: Juu ya Kuta za Kale na Kazi ya Kuzitunza

Mtu apandaye leo kutoka Tarime mjini kwenda Nyamwaga ataona nyumba mpya nyingi kuliko za zamani. Makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime yamewekwa hapo, hospitali imejengwa, maduka yamejipanga kando ya barabara. Na jirani, tangu mwaka 2002, machimbo ya dhahabu ya North Mara yamekuwa yakila vilima hata baadhi yake vimekuwa mashimo. Hatuandiki ili kuyalaumu mambo hayo. Mgonjwa hatibiwi kwa habari za kale. Yampasa apate kitanda. Walakini kila nyumba mpya yataka msingi, na msingi wataka mawe, na mawe yapatikanayo kwa taabu ndogo kuliko yote ni yale yaliyokwisha kukusanywa na mikono ya watu waliotutangulia. Mwenye punda au mwenye lori hana haja ya kuyachimbua wala kuyapasua. Yamekaa tayari, yamepangwa, yamngoja.

Basi twapenda kusema machache juu ya kuta hizo, na juu ya nyumba za kale kwa jumla: zadumuje, zafaje, na ni nani awezaye kuzizuia zisife. Twawaandikia walimu na makasisi kwa kuwa mahali pengi wao huulizwa shauri kabla ya mtu wa serikali kuulizwa, na kwa kuwa wao wenyewe hukaa, husali na hufundisha katika nyumba ambazo sasa zimeanza kuhesabiwa katika mambo ya kale.

Tuanze na maneno, maana maneno hutunza mambo ambayo watu wamekwisha kuyasahau. Boma kwa asili ni kitu chochote kizungukacho mahali kwa kupalinda: ukuta wa mawe, safu ya miti iliyochomekwa, hata ua wa miiba. Kutoka hapo jina likapashika mahali penyewe palipozungukwa. Wajerumani walipojenga ngome zao bara, kila moja iliitwa boma. Na kwa kuwa Bwana Shauri alikaa ndani yake, boma likawa na maana ya serikali. Hata leo mtu husema, "Naenda bomani," naye aenda kulipa ada katika nyumba isiyo na ukuta wa kuizunguka hata kidogo. Kwa wafugaji neno lilo hilo lataja zizi la ng'ombe pamoja na nyumba zilizozunguka. Wako wanaowaambia wageni kwamba boma ni herufi za kwanza za maneno manne ya Kiingereza yahusuyo utawala wa Waingereza. Hadithi hiyo ni ya kubuni. Stanley alilitumia neno hili katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1872, miaka mingi kabla Waingereza hawajaitawala nchi hii. Mwalimu aisikiaye hadithi hiyo darasani na aikate mara moja.

Liko tena neno bomoa. Twajua kwamba Kiswahili hulipindua tendo kwa kuligeuza mwisho wake: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, choma na chomoa. Hatudai kwamba bomoa lilizaliwa na boma kwa njia hiyo. Twasema tu kwamba sikio la Mswahili huyasikia kama ndugu, na kwamba si vibaya kulikumbuka hilo tuonapo ukuta wa kale ukipakiwa garini.

Kwa mahali palipokwisha kuachwa lugha yetu ina maneno mengi kuliko watu wengi wanavyodhani. Gofu ni nyumba iliyobaki kuta bila sakafu ya juu wala paa. Ganjo ni mahali palipokuwa mji zamani. Mahame ni mahali watu walipohama. Tongo, na wingi wake matongo, ni mahali palipokuwa na makao ya watu, na sasa hapana mtu. Na hata katika kata zilizo jirani na machimbo ya Nyamongo iko moja iitwayo Matongo. Jirani zetu Wajaluo huliita hame la namna hii gunda. Na likiwa limezungukwa na handaki na tuta la udongo huitwa gunda bur. Msomaji na aangalie jambo moja. Neno mahame halitaji jiwe wala ukuta. Lataja watu, kwamba walihama. Walioliunda neno hili walijua kwamba mahali huanza kuwa gofu siku ile mtu wa mwisho afungapo mzigo wake, hata kama kuta zasimama imara na paa halivuji. Tutalirudia jambo hili, kwa kuwa ndilo kiini cha maneno yetu yote.

Mfano ulio bora katika pande zetu uko ng'ambo ya mpaka. Mtu akivuka Sirari, akashika njia ya Migori, kisha akaendelea kaskazini-magharibi mwa mji huo kadiri ya kilomita 46, atafika Thimlich Ohinga. Ohinga kwa Kijaluo ni ngome ya mawe, na Thimlich, kama Wajaluo wanavyoeleza, ni pori zito la kutisha. Zipo hapo ngome kadha wa kadha, kila moja na jina lake, na iliyo kubwa kuliko zote huitwa Kochieng. Wataalamu wasema kwamba zilijengwa yapata karne ya 16. Mwaka 2018 Shirika la UNESCO liliitia Thimlich Ohinga katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 mpaka mita 4.2, na unene wa mita 1 mpaka 3. Kinachostaajabisha si ukubwa huo, maana iko mikubwa zaidi duniani. Kinachostaajabisha ni kwamba hapana udongo wala chokaa iliyoshika jiwe na jiwe. Wala hapana msingi uliochimbwa. Jiwe la kwanza limelazwa juu ya ardhi yenyewe. Upande wa nje na upande wa ndani mafundi walipanga mawe waliyoyachagua, wakalitafutia kila moja mahali linapokaa bila kutikisika, na katikati wakashindilia mawe madogo. Mawe hayo hayakuchongwa. Fundi aliligeuza jiwe mkononi mpaka akaona uso wake, kisha akaliweka. Pale ukuta ulipohitaji nguvu zaidi waliuegemezea nguzo za mawe kutoka nje. Milango ni mifupi, hata mtu mzima hana budi kuinama, na aingiaye hali ameinama hawezi kuinua mkuki. Tena karibu na mlango palikuwa na mahali pa mlinzi. Ndani yake yaonekana mahali pa nyumba za msonge, na mazizi ya mifugo, na mawe ya kusagia.

Lakini jambo linalotuhusu sisi ni hili. Ngome hizi hazikuwa na mwenyeji mmoja. Watafiti wasema kwamba walikaa humo watu wa Kibantu, kisha wakaja Wajaluo, kabila baada ya kabila, ukoo baada ya ukoo, kwa muda wa karne kadha. Kila waliofika walikuta kuta, wakaziba palipobomoka, wakaongeza ukuta wa ndani pale walipohitaji, nao walijenga kwa namna ile ile waliyoikuta. Hapana aliyewaamuru, wala hapana sheria. Waliutengeneza ukuta kwa sababu ng'ombe wao walikuwa ndani, na usiku ulikuwa na simba, na adui walikuwa karibu. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati hofu ya vita ilipopungua, watu walitoka wakaenda kukaa mmoja mmoja mashambani, wakapanda minyaa kuzunguka nyumba zao. Ukuta ukakosa kazi. Uliokuwa umesimama kwa karne kadha ukaanza kuanguka katika maisha ya mtu mmoja.

Na waangukaje? Yafaa kueleza, kwa sababu wengi hudhani kwamba ukuta wa mawe huangushwa na mvua. Mvua haiudhuru sana. Maji hupenya katikati ya mawe yakatoka upande wa pili. Mti ndio adui wa kwanza: mbegu huota ndani ya ukuta, mzizi ukanenepa, ukayasukuma mawe. Adui wa pili ni mnyama na mtoto wapandao juu yake. Wa tatu ni mtu achukuaye mawe madogo ya katikati kwa kujazia kitu chake, naye hajui kwamba vidogo ndivyo vishikavyo vikubwa. Na wa nne, tusisite kumtaja, ni rafiki ajaye na saruji. Ukuta uliojengwa bila saruji una tabia ya kukaa. Ardhi ikishuka kidogo, nao hushuka pamoja nayo, jiwe likatafuta jirani yake tena. Ukitiwa saruji hauwezi kukaa tena. Hushika maji ndani yake, huwa mgumu mahali pamoja na dhaifu mahali pengine, mwisho hupasuka na kuanguka kipande kizima. Ukuta wa namna ile hutengenezwa kwa namna ile ile tu: kuondoa mti ungali mche, kuokota jiwe lililoanguka, na kulirudisha mahali pake kabla jirani yake halijalifuata. Ni kazi ya asubuhi moja kila mwaka, na fedha haitakiwi. Atakiwa mtu aliye na sababu ya kupita hapo.

Ngome za mawe hazikukoma mpakani. Katika nchi ya Wakuria na ya Wangoreme pia wazee husimulia habari za vijiji vilivyozungushiwa mawe katika siku za kuwaogopa Wamasai, na mabaki yake yapo. Nani ayalindaye? Hapa yatupasa kuisoma sheria kwa makini, maana watu husema, "Serikali yalinda," nao hawajaisoma. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1964, nayo ilirekebishwa mwaka 1979. Kwa sheria hiyo, jengo au ngome au kitu kingine kilichojengwa na watu kabla ya mwaka 1863 huhesabiwa kuwa ukumbusho kwa umri wake. Kilichojengwa baadaye hakina ulinzi huo mpaka Waziri mhusika akitangaze. Mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 nao huhesabiwa kuwa kitu cha kulindwa, na jambo hilo wachache wanalijua.

Sasa msomaji na afikiri. Ngome ya wakati wa hofu ya Wamasai ilijengwa lini? Labda kabla ya 1863, labda miaka ishirini baadaye. Jiwe halina tarehe. Fundi wa ujenzi akija na karatasi ya kibali mkononi, ni nani atakayesimama amthibitishie kwamba ukuta huu ni wa 1850, wala si wa 1880? Ni wazee tu wawezao kutaja nani alizaliwa ndani yake na nani alitahiriwa mwaka ule, na wazee hao hupungua kila masika. Na nyumba zote za misheni katika pande hizi zimejengwa baada ya mwaka huo, kwa hiyo hapana hata moja iliyolindwa kwa umri wake.

Twaweza kuona tofauti ya bahati kwa kulinganisha ngome mbili za Wajerumani. Boma la Arusha lilijengwa mwaka 1900. Baada ya Wajerumani kuondoka liliendelea kuwa ofisi, na baadaye likafanywa Makumbusho ya Taifa ya viumbe na mambo ya asili. Hata leo watoto wa shule huingia humo kwa mistari. Boma la Ikoma, katika Wilaya ya Serengeti, lilijengwa mwaka 1905 juu ya kilima, ili Waikoma wajue nani mtawala. Katika vita ya kwanza, mwaka 1917, kikosi cha Naumann kilichokuwa kikikimbizwa na Waingereza kiliingia humo. Baadaye sana, katika miaka iliyofuata uhuru, kuta zake zikawa hoteli ya watalii, na kwa muda mfupi taa zikawaka tena mahali palipokuwa na bunduki. Kisha hoteli ikafungwa. Ngome mbili, mjenzi mmoja, miaka mitano kati yake. Moja ilipewa kazi iliyodumu, ya pili ilipewa kazi iliyotegemea wageni, na wageni walipokoma nayo ikawa gofu. Wako watakaosema, "Iache ianguke, iliwatesa babu zetu." Hatuwadharau wasemao hivyo. Lakini kilima kisicho na kitu hakimweleza mtoto kwamba babu yake aliteswa.

Wasomaji watatuwia radhi tukiteremka sasa mpaka pwani, maana huko liko jambo la pili ambalo ukuta wa mawe makavu hauwezi kutufundisha: kwamba nyumba hufa hata ikiwa ina watu, kama hapana fundi ajuaye damu yake.

Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya kuni. Sakafu zilishikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwi ndefu sana, vyumba vikawa vyembamba. Urefu wa mti ndio uliompimia tajiri upana wa chumba chake. Juu ya boriti yalipangwa mawe, kisha chokaa na kokoto, watu wakaipigilia sakafu kwa siku nyingi kwa nyimbo mpaka ikawa ngumu. Nyumba ya namna hii hupumua. Maji huingia ukutani, na jua likiwaka hutoka. Mwenye nyumba aipakaye saruji kwa nje kwa kutaka iwe imara ameufunga mdomo wake: maji na chumvi hubaki ndani, boriti huoza pale zinapoingia ukutani, na nyumba huonekana nzuri kuliko siku zote mpaka asubuhi inapoanguka.

Unguja wamejitahidi. Mwaka 1985 liliundwa shirika la serikali la kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji ukaingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mfano wa kufurahisha ni ile Zahanati ya Zamani iliyo pwani karibu na bandari, yenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Tajiri Tharia Topan aliianza mwaka 1887, akafa kabla haijaisha. Iliwahi kutumika kwa kugawa dawa, ikaachwa, ikaharibika. Kisha katika miaka ya 1990 mfuko wa Aga Khan ukaitengeneza, nayo ikafunguliwa tena iwe nyumba ya utamaduni, yenye ofisi na maduka. Mfano wa kusikitisha ni Beit al-Ajaib. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883. Ikawa jumba la fahari, ikawa ofisi za serikali, ikawa makumbusho. Siku ya Krismasi mwaka 2020, kazi ya kuitengeneza ikiwa imekwisha kuanza, upande mmoja ulianguka, na mafundi wawili wakafa. Hatuwezi kulitaja jambo hili kama habari ya mawe peke yake. Nyumba iliyocheleweshewa dawa huweza kumwua mganga.

Kuna nyumba nyingine Unguja ambayo watu wa misheni wangepaswa kuijua, nayo ni Mambo Msiige, huko Shangani. Jina lake ni la majivuno: mambo haya, msiyaige! Misheni ya Vyuo Vikuu ilipohamia Unguja mwaka 1864, Askofu Tozer pamoja na Steere, humo ndimo walimokaa, na kwa hiyo humo Steere alianza kujifunza Kiswahili alichokuja kukiandikia sarufi. Sasa nyumba hiyo imekuwa sehemu ya hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015. Ukuta umepona, paa halivuji, mgeni alipaye hulala vizuri. Lakini mtoto wa Shangani haingii bila sababu ya kumridhisha bawabu. Sisi twaona kwamba hiyo ni nusu ya kupona. Hatusemi hoteli ni haramu, kwa maana kuta zilizoko chini ya paa ni bora kuliko kuta zisizo na paa. Twasema tu kwamba mji ukiwa hoteli tupu, mahame yamekuja kwa mlango mwingine: watu wamehama ingawa taa zawaka.

Linganisha na kanisa la Mkunazini. Mwaka 1873 soko la watumwa lilifungwa, na mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pale pale. Steere, akiwa Askofu, alisimamia kazi mwenyewe, hata paa lake la tao ambalo wengi walitabiri kwamba litaanguka, nalo halikuanguka. Yasemwa kwamba altare imesimama mahali palipokuwa na mti wa kuchapia viboko. Kati ya mwaka 2013 na 2016 kanisa lilitengenezwa, na kando yake, katika nyumba ya zamani ya misheni, pakafunguliwa maonyesho ya habari za utumwa. Nyumba hiyo yafanya kazi tatu kwa pamoja: watu wa mtaa husali, wageni hujifunza, na ada ya wageni husaidia kuitunza. Na siku ambayo wageni hawaji, ibada ipo.

Mfano wetu wa mwisho kutoka mbali ni wa Kasubi, Kampala, mahali walipozikwa Makabaka wa Buganda. Jumba kuu la Muzibu Azaala Mpanga lilijengwa na Muteesa wa Kwanza mwaka 1882 liwe kasri, likawa kaburi lake mwaka 1884. Liliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010. Mtu angedhani kwamba nyumba ya miti na nyasi ikiungua habari yake imekwisha. Lakini Waganda wana ukoo, Ngeye, ambao kazi yake ya asili ni kuezeka nyumba hiyo. Wazee wake walijua nyasi zipi, zifungweje, zipangweje. Kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi, kwa magomvi na subira, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya mahali palipo hatarini. Nyumba iliungua, fundi hakuungua. Nyumba ya Unguja ni ya mawe, ya Kasubi ni ya nyasi, nayo ya nyasi ndiyo iliyokuwa na ukoo uliofungwa na wajibu wake.

Basi turudi nyumbani. Misheni nyingi za Mara zina nyumba za zamani: kanisa dogo la mawe au la matofali ya kuchoma, nyumba ya padre yenye baraza pana, shule yenye madirisha marefu. Waumini wameongezeka, nao wataka kanisa kubwa; haki yao. Twaijua parokia moja, hatuitaji, ambayo ilibomoa kanisa la kwanza ili kupata mahali pa kanisa la pili, ingawa kiwanja kilikuwa kikubwa kutosha yote mawili. Milango iliuzwa. Matofali yalijaza shimo barabarani. Miaka michache baadaye walihitaji chumba cha katekisimu, na ghala, na mahali pa akina mama kukutania, wakajenga vyumba vitatu vya mabati ambavyo mchana havikaliki kwa joto na wakati wa mvua havisikizani. Tulipowauliza kwa nini hawakulibakiza lile la kwanza, mzee wa kanisa alijibu, "Lilikuwa dogo." Naam, lilikuwa dogo kwa misa. Kwa watoto thelathini lilikuwa kubwa.

Kwa hiyo shauri letu ni kwamba nyumba ya zamani isiulizwe kama yafaa kwa kazi yake ya kwanza. Iulizwe yafaa kazi gani. Na kazi iliyo bora ni ile inayomleta mtu kila siku, ingawa ni ya hali ya chini: darasa, zahanati, maktaba, ghala la mahindi. Ghala huweza kuihifadhi nyumba vema kuliko makumbusho yafunguliwayo mara mbili kwa mwaka, kwa maana mwenye mahindi huona paa linapovuja siku ile ile.

Wako ndugu watakaouliza: je, matongo ya wazee si mahali pa matambiko? Kasisi akiyalinda, hatalinda na matambiko? Swali ni la haki, na hatutalijibu kwa mzaha. Mahali pengine wazee huenda bado. Lakini kubomoa ukuta hakujapata kumwongoa mtu. Humfanya aone kwamba Kanisa ni adui wa baba zake. Steere hakuipeleka altare yake mbali na mahali pa mateso. Na kuta zilizo nyingi hazikuwa za ibada. Zilikuwa za kulindia watoto na ng'ombe wasiku, jambo ambalo Mkristo naye hulifanya.

Mwisho, neno kwa mwalimu aliye karibu na mabaki ya namna hii na asiye na fedha wala amri. Achukue wanafunzi kumi, kamba yenye fundo kila mita, na daftari. Kwanza aende kwa mwenye shamba na kwa mzee wa mahali, aombe ruhusa. Wazunguke ukuta, wapime mzunguko, kimo mahali panapobaki kimo, unene penye mlango. Wachore umbo lake. Wasichimbe, kila kigae na kila jiwe la kusagia libaki pale lilipo, maana kikiokotwa kimekuwa bubu. Mche uliootea ukutani na ukatwe, using'olewe kwa nguvu. Kisha waketi na wazee, mmoja mmoja, wala si wote pamoja, waulize: nani alikaa hapa, walitoka wapi, walikwenda wapi, ni rika gani lililokuwa limetahiriwa siku walipohama. Nakala moja ya daftari ikae shuleni, moja misheni, na moja ipelekwe kwa afisa utamaduni wa wilaya, ili siku ya kibali cha ujenzi liwepo jambo la kuandikwa mbele ya 1863 au nyuma yake. Na wasisahau kuuliza majina ya milango. Mahali pengi kila mlango ulikuwa na jina lake, na huenda jina hilo analo mzee mmoja tu.